Utando wa Ng'washi

Kule Nkoma, watoto wa shule ya msingi wanamjua Klementina kwa ukoko wake. Wapishi wengine wakishapakua ugali hushika mwiko na kuikwangua sufuria kwa hasira, kana kwamba imewatukana, na ukoko hutoka vipandevipande, nusu yake unga mweusi usioliwa. Klementina hakwangui. Anairudisha sufuria juu ya makaa yanayokaribia kuzimika, anaifunika, anakwenda zake kupakua maharage. Akirudi anakuta ukoko umejiachia wenyewe, mzima, mwembamba, anauinua kwa vidole viwili. Hapo ndipo vurugu inapoanza, maana watoto wa kugawana ukoko kwa amani bado hawajazaliwa.

Wenzake humuuliza siri. "Siri gani?" husema. "Uache tu. Haraka ndiyo inayovunja." Ni maneno ya mtu mvumilivu, na Nkoma nzima inamsifu hivyo. Siku hizi akisikia sifa hiyo huinamisha uso. Mara moja katika maisha yake alishindwa kungoja, tena kidogo tu, na mara hiyo moja ndiyo inayomla.

Alizaliwa Sola, upande wa Maswa, akaolewa Nkoma na Mabula, mwanamume mpole aliyelima pamba na kufuga ng'ombe wachache, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti hata kwa hao ng'ombe. Wakapata mtoto mmoja, Ng'washi. Walingoja wa pili, hakuja. Kwa watu wanaoipima kaya kwa mifugo na watoto, mtoto mmoja ni sawa na jiko la figa moja, na wapo waliomshauri Mabula aongeze mke. Mabula aliwajibu kwamba anafikiria. Aliendelea kufikiria mpaka homa ikamchukua, na mke wa pili hakuonekana. Ng'washi alikuwa bado yuko sekondari.

Binti mwenyewe alikuwa mtu wa maswali. Alipokuwa mdogo alimaliza betri za redio ya baba yake kwa kuziunganisha na kipande cha waya, apate kuushika na kusikia unavyopata moto.

"Mayu, huu moto unatoka wapi?"

"Unatoka kwenye betri za watu," mama yake alimjibu, na kofi likafuata.

Kumbe lilikuwa swali la maana. Ng'washi alisoma Bariadi, akasoma Dar es Salaam, akachukuliwa na chuo kimoja huko Japani, na muda wote huo swali lilikuwa lilelile. Umeme ukipita kwenye waya hukwaruzana nao, sehemu yake ikageuka joto na kupotea njiani. Je, hakuna namna usipotee? Majirani walipoelezwa kwamba mtoto wa Klementina anasomea umeme usiopotea njiani walicheka sana. "Huku kwetu unapotea kabla haujaanza safari," walisema. Klementina naye alicheka, lakini kwa upande wa binti yake.

Mwaka juzi Ng'washi alikuja nyumbani kwa likizo fupi, akiwa njiani kutoka Japani kwenda Ufaransa. Alishuka kwenye bodaboda amekonda, mikono ina vidoa vyekundu kama aliyeumwa na siafu. Klementina alidhani ni chakula cha ugenini, akamchinjia kuku. Baada ya siku chache fizi zikaanza kutoka damu. Bariadi wakampima wakampeleka Mwanza, na Mwanza wakasema ni saratani ya damu, tena imekwenda mbali. Walijaribu. Dawa zilimnyonyoa nywele bila kumpa nafuu, na mwishowe Ng'washi mwenyewe akaomba arudishwe Nkoma. Safari ya Ufaransa ikabaki inangoja.

Kwenye begi lake kulikuwa na mfuko bapa wa rangi ya fedha, mgumu, uliofyonzwa hewa yote, na ndani yake kijisanduku kidogo kuliko kiberiti. Aliuweka juu ya kabati, kando ya sanamu ya Bikira Maria, mahali ambapo angeuona akiwa amelala. Siku alizokuwa na nguvu aliomba kutandikiwa mkeka jikoni, karibu na moto, kwa sababu siku zote alisikia baridi. Alasiri moja mama yake, akisonga ugali, alimuuliza mle mfukoni mna nini hasa.

"Utando, mayu."

"Wa buibui?"

"Wa kwangu mimi." Ng'washi alitabasamu. Alijiegemeza ukutani apate kueleza vizuri, maana hata ugonjwa haukumwondolea ualimu. "Chini kuna jiwe, kipande kidogo tu. Jiwe hilo tumboni linakataa umeme, lakini ngozi yake inaupitisha. Na ukilipasua, pale ulipopasua panakuwa ngozi mpya, nayo inapitisha. Huwezi kulivua ngozi likabaki uchi."

"Kama maziwa yaliyochemka," Klementina alisema. "Unatoa utando, unakuja mwingine."

"Kama maziwa hayohayo. Sasa juu ya hilo jiwe nimelaza utando wa chuma na madini yanaitwa teluri, mwembamba hivi kwamba unywele mbele yake ni gogo. Sikiliza. Jiwe peke yake, hata ulipoze vipi, umeme unapotea. Utando peke yake, unapotea. Lakini pale vinapogusana, ukivipoza kwa baridi kuliko barafu yoyote ya dunia hii, umeme unapita wote. Haupotei hata chembe."

"Pale katikati umeweka nini?"

"Sijaweka kitu. Ni pale vinapokutana tu."

Klementina aliacha kusonga. Aliitazama sufuria, akamtazama binti yake. "Ukoko," alisema. "Sufuria peke yake haina ukoko. Ugali peke yake hauna. Unazaliwa pale vinapogusana."

Ng'washi alicheka mpaka akakohoa, na kikohozi kikaleta damu, mama yake akamfuta kwa kitenge. Alipotulia alisema, "Basi nipe nile masomo yangu." Mama yake akamngojea ukoko ujiachie, akampa wote, ingawa kwa vile fizi zilivyouma alikuwa anaunyonya tu.

Ndipo akamweleza lililobaki. Utando ule ulipimwa Japani mara moja, umeme ukapita wote. Lakini wakubwa wake walisema mara moja yaweza kuwa bahati au kosa la mashine. Kitu cha namna ile kikipoa sawasawa huisukuma sumaku ikae mbali nacho, na huko Ufaransa kulikuwa na mashine ya kulionyesha hilo bila ubishi. Alijaribu kutengeneza tando nyingine, zote zikakataa. Kilichokubali kilikuwa hicho kimoja.

"Kikipimwa kikakubali, mayu, jina langu litakaa pale. Watu wasionijua watalisoma. Kisipopimwa ni maneno matupu." Alinyoosha kidole kuelekea chumbani. "Usiufungue ule mfuko. Ikiingia hewa, hasa hewa ya masika, chuma kitaliwa na utando utakufa. Nikishindwa kwenda mimi, rafiki yangu Specioza atakuja kuuchukua."

"Utakwenda mwenyewe."

"Mayu."

"Nimesikia. Sifungui."

Alifariki mvua za kwanza zilipoanza, watu wakiwa mashambani wanapanda. Klementina alilia kwa sauti mpaka sauti ikaisha, kisha akalia bila sauti. Alizaliwa wa pekee, akazaa wa pekee, na sasa aliketi peke yake kwenye mkeka wa msiba huku wanawake wakimshika mabega. Hakuna neno la kupunguza jambo hilo, na waliojaribu kulitafuta wangenyamaza ingekuwa bora.

Sasa, ukoo wa Mabula una mwiko wake. Kitu cha marehemu hakilali kimefungwa. Siku ya kumaliza matanga wanawake hufungua kila kilichokuwa chake: furushi la vitenge, chupa ya mafuta, begi, mafundo ya kamba ya chandarua. Wanasema kilichofungwa humzuia marehemu mlangoni, na akisimama mlangoni wanaotaka kuingia hawapiti. Wanaotaka kuingia ni watoto wanaozaliwa. Klementina ni Mkatoliki, anasali rozari na hakosi kigangoni, lakini alipofiwa na Mabula alifungua vitu vyake vyote bila kuona kosa. Kufungua chupa ya mafuta si dhambi.

Safari hii Ngeleja, kaka mkubwa wa marehemu Mabula na mkubwa wa ukoo, alisimama uani akiuliza kama inavyotakiwa.

"Kimebaki kitu, shemeji?"

"Hakuna," Klementina alisema.

Mfuko wa fedha ulikuwa chini ya gunia la michembe, vile viazi vilivyokatwa na kuanikwa vya kuliwa wakati wa njaa. Ngeleja alimtazama kidogo zaidi ya ilivyokuwa lazima, akaitikia, akaondoka. Yeye si mtu mbaya. Ni mtu aliyezika wadogo zake wote na bado anaamka asubuhi kuwahesabia wengine mwiko.

Specioza alipiga simu akilia. Alikuwa rafiki wa Ng'washi tangu chuo, mzaliwa wa Sola kama Klementina, na sasa anafundisha fizikia Dar es Salaam. Alieleza kwamba profesa wa Japani ameandika, kwamba kuna vibali, kwamba mashine ya Ufaransa ina foleni. "Mvua zikiisha barabara ikapitika nitakuja mwenyewe, mama. Wewe utunze tu."

Klementina akautunza. Kila akitoka shuleni aliingiza mkono chini ya michembe, akauona mfuko uko palepale, mgumu na baridi, akautoa mkono. Ndiyo ilikuwa namna yake ya kumjulia hali mtoto. Kwa mara ya kwanza tangu msiba alikuwa na kazi ambayo Ng'washi mwenyewe alimpa, na kazi hiyo ilikuwa kutofanya kitu. Hakuna aliyefaa kuliko yeye.

Masika yakaingia na matope yake. Nyamizi, binti wa Ngeleja, alikuwa amerudi kwa wazazi kujifungua mtoto wa kwanza kama ilivyo desturi. Huyu Nyamizi na Ng'washi walilelewa uani pamoja. Ukoko mmoja ulishawapiganisha hadi wakang'oana nywele, kisha wakaula pamoja huku wakilia. Uchungu ulimshika jioni moja, na asubuhi yake zahanati ikasema mtoto amekaa vibaya, apelekwe Bariadi haraka. Gari likapatikana, mama yake akaingia naye, wakaondoka kwenye tope. Baada ya hapo simu haikupatikana tena. Mchana ukafika. Ngeleja alipanda mara kwa mara kwenye kichuguu nyuma ya zizi ambako mtandao hukamata, akateremka akitikisa kichwa.

Pale kwake kila kitu kilikuwa kimefunguliwa. Wanawake walifumua nywele. Ndama walifunguliwa kamba wakawa wanazurura kwenye mahindi, na hakuna aliyewafukuza. Milango ilikuwa wazi, vifuniko vya vyungu vimelala chini. Ngeleja akavuka njia akaja kwa Klementina aliyekuwa ametoka shuleni, akamkuta uani.

"Mwadila, shemeji."

"Mwadila. Kuna habari?"

"Hakuna." Mzee hakukaa alipokaribishwa. Macho yake yalikuwa mekundu. "Shemeji, siku ile nilikuuliza, ukasema hakuna kitu. Sikukubishia, msiba ulikuwa wako. Leo nakuuliza tena. Mficha uchi hazai, na leo anayezaa si wewe."

Klementina aligeuka kuelekea mlangoni. Angeweza kusema hakuna, na mzee angeondoka. Lakini alimwona anavyoing'ang'ania fimbo kwa mikono miwili, mtu mzima yule, na akajua ni hivyohivyo yeye alivyoung'ang'ania ukuta wa veranda ya hospitali kule Mwanza. Angekuwa na kitu cha kufungua siku ile, kitu chochote, angekifungua kwa meno.

Aliingia ndani akasogeza gunia. Alikaa na mfuko mapajani. Ng'washi angesema nini, alijua. Angesema mayu, mtoto kukaa vibaya tumboni na mfuko huu havijuani. Angesema kuna daktari Bariadi, ngoja. Na Klementina mwenyewe, nusu yake, aliamini hivyo. Ila nusu nyingine ilimwona binti yake amesimama mlangoni mwa Nyamizi, amefungwa, anaona haya kwa kuwazibia watu njia, naye hana mkono wa kujifungua. Nusu hiyo ndiyo iliyoshika kisu.

Mfuko ulivuta pumzi kwa sauti, kama mtu anayeshtuka. Kisha ukalegea. Alikitoa kijisanduku akakifungua nacho, maana kama ni kufungua hakuna kufungua nusu. Ndani mlikuwa na mraba mdogo usiozidi ukucha, mweusi unaong'aa, laini kuliko kioo chochote alichowahi kukiona. Aliinama, akaona jicho lake mwenyewe humo, na kope zake. Hii ndiyo ilikuwa kazi ya mtoto wake, na hakuwahi kuiona mpaka hapo. Ilikuwa nzuri. Hakujua kwamba itakuwa nzuri hivyo.

"Ng'wanone, mwanangu," alisema. "Nenda basi."

Alipotoka nje Ngeleja alikuwa amerudi kwenye kichuguu. Akamwona ameshika simu sikioni, kisha akamwona anarusha fimbo juu. Mzee alikuja mbio, kofia imeanguka, anacheka na kulia.

"Wabeja, shemeji! Asante sana! Msichana! Wamempasua Nyamizi, wote wazima! Umefungua, na mtoto huyo!"

Klementina alimshukuru Mungu, na alimaanisha. Kisha akauliza, "Amezaliwa saa ngapi?"

"Tangu asubuhi! Walipofika tu wakaingizwa. Simu ya mama Nyamizi ilikufa chaji, ndiyo kwanza ameazima ya muuguzi." Mzee alikuwa anafuta machozi kwa kiganja. "Tangu asubuhi, shemeji, na sisi tunakufa huku!"

Hakusikia alichokisema mwenyewe. Aliyesikia alikuwa mmoja. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Kwa Klementina, majuto na mjukuu walifika siku moja.

Alirudi ndani, akakirudisha kijisanduku mfukoni, akawasha mshumaa. Aliyeyusha midomo ya mfuko na kuibana kwa vidole, kama wanavyofunga vifuko vya karanga, na vidole vikaungua naye akaendelea kubana. Mfuko ulifunga, lakini ulibaki umevimba kidogo. Hewa ya masika ilikuwa humo ndani, na hakukuwa na mtu Nkoma wa kuitoa. Baada ya wiki mbili alipoufungua kuchungulia, mng'aro ulikuwa umeingia ukungu, na jicho lake halikuonekana tena. Akaufunga upya kwa mshumaa, na hakuchungulia tena.

Mtoto akaitwa Ng'washi. Ngeleja mwenyewe ndiye aliyempa jina hilo, kwa shukrani, na alikuja kumwambia Klementina kwa fahari kama anayemletea ng'ombe. Klementina akasema wabeja. Tangu hapo kila Nyamizi akimwita mwanawe kule ng'ambo ya njia, Klementina hugeuka kabla hajakumbuka.

Specioza alifika pamba ikiwa imepasuka mashambani na barabara imekauka. Alishuka kwenye bodaboda amejaa vumbi, amekumbatia sanduku dogo la chuma lenye mpira wa kuzuia hewa kwenye kifuniko. Alipiga goti akasalimia kwa Kisukuma, kisha wakashikana wakalia kwanza, maana walikuwa hawajalia pamoja. Klementina alimpa maji, akampa matobolwa, viazi vikavu vilivyochemshwa, pamoja na karanga, akazungumza habari za Sola na nani amekufa huko. Kwa muda mrefu alikuwa amepanga kwamba atautoa mfuko bila kusema neno. Umefungwa, huyu Specioza atajuaje? Akauleta umeviringwa kwenye kitenge.

Specioza aliutazama. Alipitisha kidole kwenye kingo zenye masizi ya mshumaa.

"Mama, huu mfuko..."

"Niliufungua," Klementina alisema, na mipango yake yote ikaishia hapo.

Alimweleza habari za Nyamizi, gari, ndama waliofunguliwa na Ngeleja alivyokuja. Alieleza mpaka mahali pa kisu. "Mtoto akapatikana," akamalizia, "mzima." Specioza alisikiliza ameinama. Alikuwa mtoto wa Sola. Mama yake mwenyewe alishafumua nywele kwa ajili ya wajawazito wa watu. Hakumlaumu. Afadhali angemlaumu.

"Kimekufa?" Klementina aliuliza.

"Kwa macho siwezi kujua. Kinachotakiwa kiko chini, pale vinapogusana. Huenda hewa haijafika. Tutapima."

Neno hilo, "huenda", lilimlisha Klementina miezi mitatu. Alitoa nia ya misa. Katekista alimuuliza aandike nia gani, naye akasema, "Andika kazi ya Ng'washi ikubali." Katekista akaandika hivyo, na Jumapili padre akaisoma kanisani, watu wakajibu amina bila kujua wanaitikia nini. Jikoni, akingojea ukoko ujiachie, aliwaza pale chini vinapogusana. Kwani ukoko nao si uko chini? Ugali unaweza kuchacha juu na ukoko usijue.

Simu ilikuja alasiri, akiwa uani kwake amemaliza kupika. Nyamizi alikuwa ameketi karibu, mtoto wake mapajani, amekuja kuomba unga.

"Mayu," Specioza alisema, na kwa jinsi alivyotamka neno hilo moja Klementina akajua. "Wamekipoza mpaka mwisho. Wamepima mara nyingi. Hakikupitisha, na sumaku haikusogea. Chuma kimeliwa hadi chini."

"Sawa."

"Na vingine walivyojaribu kutengeneza vimekataa. Ng'washi alikuwa na mkono wake." Sauti ilikatika, ikarudi. "Kwa hiyo wataandika habari za mawe yale kwa jumla. Jina lake halitakuwa juu. Watamtaja mwishoni, kwamba wanamshukuru, kwamba aliwahi kuona kitu. Nimebishana nao, mayu. Wanasema bila ushahidi hawawezi."

Asiyekuwepo na lake halipo. Klementina aliushika mti wa banda la jikoni.

"Na kuhusu kuharibika," Specioza aliendelea, "nimewaambia waandike kiliharibika safarini. Hakuna atakayeuliza."

"Safari haikuharibu kitu."

"Mayu, haina haja."

"Usimsingizie mtu wa ndege. Andika mama yake alikifungua."

"Watauliza kwa nini," Specioza alisema.

"Waambie kulikuwa na mtoto anazaliwa."

Specioza alianza kulia huko aliko. Alisema basi, mayu, kama ni hivyo Ng'washi mwenyewe angekifungua, kwa ajili ya Nyamizi angekifungua, usijitese. Klementina alisema asante mwanangu, akamwagiza awasalimie wa Sola, akakata simu.

"Nani huyo?" Nyamizi aliuliza.

"Rafiki yake Ng'washi."

Mtoto aliposikia jina lake alinyanyua kichwa. Alikuwa ameanza kuota meno, anatafuna kila kitu, hata pindo la kitenge cha mama yake. Nyamizi akampakatisha Klementina mtoto ili apate kufunga unga wake, akaingia ndani kuchukua ungo. Sufuria ilikuwa juu ya makaa. Klementina akafunua, ukoko ulikuwa umejiachia, akavunja kipande akampa. Mtoto akakishika kwa mikono yote miwili, akaanza kukinyonya, mate yanamtiririka.

Klementina alimtazama kwa muda mrefu, kisha akainama karibu na sikio lake, mama yake asisikie.

"Ulikuwa umeshafika," alimwambia. "Ulikuwa umeshafika, mjukuu wangu, na mimi sikungoja."